Uzi: Jessi, shangazi yake na Kwanzaa – tuijadili riwaya hii ya watoto

MamaWawili (Columbus, Ohio), mleta mada

Wanajamvi, naomba tuijadili riwaya moja ya watoto ambayo wazazi wengi wa Kiswahili walioko Marekani huenda wakaikuta kwenye maktaba za mitaa yao. Inaitwa Happy Holidays, Jessi, nayo ni kitabu cha 103 katika mfululizo wa The Baby-Sitters Club, kilichotoka mwaka 1996. Kwa wasioufahamu mfululizo huu, ulianza mwaka 1986 kwa jina la Ann M. Martin, ukaendelea hadi mwaka 2000, na vitabu vyake vikuu peke yake vinazidi 130. Wahusika ni wasichana wa shule katika mji wa kubuni wa Stoneybrook, jimbo la Connecticut, ambao wameunda klabu ya kuwaangalia watoto wa majirani kwa malipo. Hukutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa kumi na mbili jioni, chumbani kwa Claudia, kwa sababu yeye ana laini yake mwenyewe ya simu, na mzazi anayetaka mtu wa kumwangalilia watoto hupiga simu katika nusu saa hiyo.

Jessi Ramsey ni msichana mweusi mwenye umri wa miaka 11, mcheza baleti, dada mkubwa wa Becca na wa mtoto mdogo wa kiume ambaye kila mtu humwita Squirt. Familia yake ilihama kutoka Oakley, New Jersey, ilikokuwa ikiishi karibu na jamaa zake, ikaja katika mji ambao watu weusi ni wa kuhesabika, na vitabu vya awali havifichi kwamba baadhi ya majirani hawakuwapokea kwa moyo mweupe. Katika kitabu hiki familia inajiandaa kwa Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi ya mwisho wa Desemba yenye kuwasha mishumaa na kutumia maneno ya Kiswahili, ajali ya gari inaingia kati, na msomaji anabaki na swali kama sikukuu inayosifu mshikamano itawezekana katika nyumba iliyopata mtikisiko wa namna hiyo.

Binti yangu alikipenda kitabu hiki mno, kisha akaniuliza kwa nini sisi hatuwashi mishumaa ilhali maneno yote ya sikukuu hiyo ni ya lugha tunayozungumza nyumbani. Mwalimu wake naye, kwa nia njema kabisa, amemwomba aje kuwaeleza wenzake darasani habari za Kwanzaa, kana kwamba kuzaliwa na wazazi wa Kitanzania kunatosha kumfanya mtaalamu wa jambo hilo. Naomba maoni yenu kwa mambo mawili. Kwanza, je, hii ni riwaya ya kweli au ni somo lililovishwa nguo za hadithi? Pili, sisi Waswahili tuisome kama wenyewe au kama wageni?

Kalamu_ya_Tanga

Ndugu mleta mada, nitasema wazi kwamba mimi si mpenzi wa mfululizo huu. Dada zangu walikuwa na sanduku zima la vitabu hivi vya mitumba, na nilivisoma kwa kukosa vingine. Ukisoma vitatu umesoma vyote: sura ya pili daima inasimama ili kumtambulisha kila mwanachama, nywele zake, mavazi yake na hali ya wazazi wake, kisha hadithi inaendelea pale ilipoachwa. Wasichana hawakui. Jessi ana miaka 11 katika vitabu vya miaka ya themanini, na bado ana miaka 11 mwaka 1996. Martin mwenyewe aliandika vile vya mwanzo, lakini baadaye waandishi wengine waliajiriwa ili mfululizo usikatike, na hali hiyo inaonekana katika sentensi zenyewe.

Kwa hiyo sishangai kwamba Kwanzaa nayo inaelezwa kama katika kijitabu cha maelezo, siku ya kwanza hivi na siku ya pili vile. Miaka ya tisini wachapishaji wa Marekani walikuwa wamegundua kwamba kila Desemba maktaba na shule zinatafuta kitabu cha Kwanzaa, na mfululizo uliokuwa ukitoa kitabu kipya karibu kila mwezi usingeiacha nafasi hiyo ipite.

Nyota_Mombasa

Ndugu Kalamu, kuhusu sura ya pili nakubaliana nawe, na nadhani hakuna msomaji wa mfululizo huu ambaye hajajifunza kuiruka. Hata hivyo, umemsahau mtu mmoja ambaye kwangu ndiye sababu ya kuvisoma vitabu vya Jessi, naye ni shangazi yake, Cecelia.

Shangazi Cecelia aliingia nyumbani kwa akina Ramsey katika kitabu cha 36, mama yao aliporudi kazini na watoto wakahitaji mtu mzima wa kukaa nao. Ni dada wa baba, amefiwa na mumewe, naye anafika akiwa na taratibu zake zote mkononi. Jessi, ambaye hulipwa na majirani kwa sababu wanamwamini na watoto wao, anajikuta nyumbani kwao akichungwa kama mtoto asiyejua kuvuka barabara. Anakasirika, na hasira yake ina haki, lakini mwandishi hamfanyi shangazi kuwa mtu mwovu. Ni mwanamke aliyeiacha nyumba yake ili kushika nyumba ya kaka yake, na njia pekee anayoijua ya kuonyesha mapenzi ni kusimamia.

Nani kati yetu asiyemjua mtu huyu? Kwetu shangazi ana kauli katika nyumba ya kaka yake ambayo hata mke wa kaka huipokea kwa tahadhari. Akiingia jikoni, vifuniko vya sufuria vinafunuliwa. Akisema mtoto hatoki, mtoto hatoki. Riwaya nyingi za Kimarekani za watoto za wakati ule zina baba, mama na watoto tu, huku bibi akitokea siku ya sikukuu na mkoba wa zawadi, akala, akaondoka. Nyumba ya akina Ramsey ina mtu mzima wa tatu, mwenye mamlaka, asiye mzazi, na kila mmoja anapaswa kutafuta namna ya kuishi naye. Kwa hiyo inapofika zamu ya kuandika juu ya Kwanzaa, sikukuu inayohusu familia kuliko jambo lingine lolote, mwandishi hana haja ya kubuni familia yenye mambo ya kushughulikia, kwa maana tayari ipo na wasomaji wameizoea kwa miaka. Yale maelezo ya mishumaa niliyapita haraka. Kilichonishika ni nyumba yenyewe.

Mjomba_wa_Oakland

Nimeoa katika familia ya Wamarekani weusi hapa California, na Kwanzaa kwetu si jambo la vitabuni, kwa hiyo naomba niseme kidogo kabla mjadala haujakwenda mbali.

Sikukuu hii ilianzishwa na Maulana Karenga, mwanaharakati mweusi wa Marekani, mjini Los Angeles mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya machafuko ya mtaa wa Watts mjini humo ya Agosti 1965, ambamo watu 34 walipoteza maisha. Huanza tarehe 26 Desemba na kumalizika tarehe 1 Januari, na kila moja ya siku hizo saba ina nguzo yake, yaani neno la kuzingatiwa siku hiyo, kama umoja au ujima. Karenga alichukua wazo la sherehe za mavuno ya kwanza zilizopo sehemu mbalimbali za Afrika, ikiwa ni pamoja na kusini kwa Wazulu na Waswazi, akachukua maneno ya Kiswahili kwa kuwa aliiona kuwa lugha isiyo ya kabila moja, akajenga kitu ambacho hakikuwapo kabla yake. Ni sikukuu ya Kimarekani iliyobuniwa na watu weusi wa Marekani kwa mahitaji yao, na hakuna aibu katika hilo, kwa maana kila sikukuu ilianzishwa na mtu fulani siku fulani.

Kwa ambao hawajaiona, mezani hutandikwa mkeka, na juu yake huwekwa kinara chenye mishumaa saba: mweusi katikati, mitatu myekundu kushoto na mitatu ya kijani kulia. Rangi hizo ni za bendera iliyotolewa mwaka 1920 na harakati ya watu weusi ya Marcus Garvey. Kuna mazao, kuna kikombe cha umoja, na kuna mahindi, gunzi moja kwa kila mtoto wa nyumba. Mshumaa mweusi huwashwa siku ya kwanza, na kila jioni huongezwa mmoja. Kwetu mama mkwe ndiye husimamia, na mjukuu anayewasha mshumaa lazima aseme kwa maneno yake mwenyewe anaielewaje nguzo ya siku hiyo. Mwaka jana mjukuu mdogo kuliko wote aliangukiwa na siku ya kujichagulia. Akatangaza kwamba amejichagulia kutokula maboga tena, na babu yake akalipitisha hilo mbele ya watu wote. Karamu kubwa huwa tarehe 31.

Desturi pia inataka zawadi za watoto ziwe na kitabu ndani yake. Ndugu Kalamu anasema wachapishaji waliona soko, nami sikatai, lakini soko hilo lilikuwa ni wazazi waliokuwa wakitafuta kitabu chenye mtoto anayefanana na wao ili wakifunge kwenye karatasi ya zawadi, na mara nyingi hawakukipata.

Mdadisi_Dodoma

Naheshimu maelezo ya Mjomba, ila kuna mambo ambayo vitabu vya watoto huyapita kimya. Watumwa wengi waliopelekwa Marekani walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, wala si pwani yetu. Mahindi yenyewe asili yake ni bara la Amerika. Na mwanzilishi wa sikukuu alitiwa hatiani mwaka 1971 kwa kuwashambulia na kuwafungia wanawake wawili wa chama chake, akakaa gerezani hadi mwaka 1975, ingawa mwenyewe alikanusha mashtaka hayo. Je, ni haki kumpa mtoto sikukuu bila kumpa habari hizo?

Mjomba_wa_Oakland

Mdadisi, habari hizo zinajulikana sana katika nyumba nyingi za huku, na hazijazikwa. Mama mkwe wangu hamtaji mwanzilishi hata mara moja katika siku zote saba, na nadhani sababu ni hiyo hiyo uliyoieleza, lakini mishumaa anaiwasha. Sikukuu ikishaingia katika nyumba za watu kwa zaidi ya nusu karne, huwa mali ya wanaoiadhimisha. Mtoto wa miaka tisa anayesoma habari za Jessi hahitaji mwenendo wa kesi ya mwaka 1971, na kijana wa miaka kumi na sita anauhitaji. Huo ni utaratibu wa kawaida wa malezi, na hata dini zetu tunazifundisha hivyo hivyo, kwa umri.

Kuhusu Afrika Magharibi, ni kweli kabisa. Mtu ambaye ukoo wake ulikatwa kwa nguvu, akawa hajui babu yake alitoka Benin au Kongo, hakuwa na lugha moja ya kurudia. Alichagua. Mimi na wewe hatukuwahi kulazimika kuchagua, na ndiyo maana ni rahisi kwetu kumsahihisha.

Mkutubi_Nairobi

Naomba nirejee kwenye vitabu, kwa kuwa hoja ya Mjomba kuhusu wazazi kutopata kitabu ina takwimu nyuma yake. Mwaka 1965 Nancy Larrick, mtaalamu wa Kimarekani wa usomaji wa watoto, alichapisha makala mashuhuri baada ya kuchunguza vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa na wachapishaji wa Marekani katika miaka mitatu, 1962 hadi 1964. Vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, katika maandishi au katika picha, vilikuwa 349. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1985, kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison kilianza kuhesabu waandishi na wachoraji, na katika vitabu takribani 2,500 vya mwaka huo kilikuta 18 tu vilivyotokana na mikono ya Wamarekani weusi. Mwaka uliofuata ndipo kitabu cha kwanza cha mfululizo huu kilipoingia madukani.

Tukizitazama hesabu hizo tunamwona Jessi kwa pande mbili. Upande mmoja, alikuwa msichana mweusi ndani ya mfululizo uliosomwa na mamilioni ya watoto, tena akisimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, jina lake likiwa kwenye jalada. Jambo hilo halikuwa dogo. Upande wa pili, mfululizo ulibuniwa na mwandishi mzungu, kwa hiyo hata Jessi haingii katika ile hesabu ya 18. Nadhani ndiyo sababu ya ule ugumu alioulalamikia ndugu Kalamu. Mwandishi anayeandika kwa ajili ya watoto wasioijua Kwanzaa huieleza. Anayewaandikia wanaoiadhimisha angeingia moja kwa moja kwenye swali la nani amesahau kununua mishumaa.

Kalamu_ya_Tanga

Hoja ya Mkutubi imenisaidia kusema nilichotaka kusema. Sina ugomvi na sikukuu, wala na Jessi. Ninachokosa ni ule ugomvi wa mishumaa. Mjomba ametupa maboga na babu katika mistari miwili, na mimi nimeiona Kwanzaa hapo kuliko katika kurasa zote za maelezo. Hata hivyo namkubalia dada Nyota juu ya shangazi, kwa sababu yeye peke yake katika mfululizo mzima ndiye mtu mzima ambaye nilimwogopa kidogo nilipokuwa nikisoma.

Mwalimu_Mstaafu (Morogoro)

Wanangu, nimefuatilia mjadala kwa furaha. Mimi ni wa kizazi kilichosomeshwa Azimio la Arusha darasani, kwa hiyo nilipoonyeshwa na mjukuu wangu zile nguzo saba, macho yalikwenda kwanza kwenye ujamaa. Mwalimu Nyerere aliandika makala yake juu ya ujamaa mwaka 1962, Kwanzaa ikaanza Desemba 1966, na Azimio likaja Februari 1967. Yaani huko Los Angeles walikuwa wakiwasha mshumaa wa ujamaa wiki chache kabla sisi hatujautangaza kuwa siasa ya nchi. Kwao ujamaa ulimaanisha watu weusi kujenga maduka na biashara zao na kunufaika nazo pamoja. Kwetu ulikuja kumaanisha mashamba, vijiji na, katika miaka ya sabini, malori yaliyowahamisha watu. Mjukuu wangu aliposoma kwamba siku ya nne ya sikukuu ni ya ujamaa, na ya kwamba watu hula na kufurahi, alinitazama kama niliyemficha jambo.

Nasema hayo kwa ajili ya swali la pili la mama mleta mada. Mtoto wa Kiswahili akisoma kitabu hiki, mzazi akae naye karibu. Kila neno atalifahamu, na kwa kuwa analifahamu atadhani anaijua habari nzima. Mtoto wa Kichina au wa Kimeksiko atauliza maana. Wetu hataona haja ya kuuliza.

MamaWawili, mleta mada

Shikamoo Mwalimu, na ninawashukuru nyote. Maneno ya Mwalimu yameniangukia pale pale, kwa sababu limetokea hapa nyumbani. Katika Kwanzaa watu huulizana “Habari gani?”, na jibu huwa ni jina la nguzo ya siku hiyo. Binti yangu alimpigia simu bibi yake Tanga, akamwanzia kwa sauti kubwa, “Habari gani?” Bibi akanyamaza. Nikamsikia kwenye spika akisema taratibu, “Haya, na salamu?” Mtoto hakuelewa kosa liko wapi, kwa kuwa alikuwa akisubiri bibi aseme “Umoja”. Ilibidi nishike simu, nimwamkie mama kwanza, kisha nimweleze mambo ya Marekani kuanzia mwanzo, naye mwisho akauliza kama hao wenye sikukuu hawana wazee wa kuamkiwa.

Kuhusu shule, nimezungumza na mwalimu wake. Nimemwambia kwamba binti yangu yuko tayari kuwafundisha wenzake kuyatamka maneno vizuri, lakini sikukuu yenyewe ielezwe na familia inayoiadhimisha, na darasa hilo linazo familia mbili za namna hiyo ambazo hazikuwa zimeulizwa. Mwalimu ameafiki. Mmoja wa mama hao amenipigia simu kunishukuru, akatualika tarehe 28 Desemba. Sasa swali langu limebadilika, naomba Mjomba anisaidie: mgeni hupeleka nini?

Mjomba_wa_Oakland

Chakula kwa ajili ya meza, na kitabu kwa ajili ya watoto. Tarehe 28 ni siku ya tatu, siku ya ujima, kwa hiyo usishangae ukipewa kisu na vitunguu mara tu unapoingia mlangoni. Usiwasahihishe matamshi wakati mishumaa inawashwa. Wakikuuliza baadaye, na watakuuliza, wajibu.

Nyota_Mombasa

Mama Wawili, kwa upande wa kitabu cha kupeleka, singepeleka hiki cha 103, kwa kuwa familia inayoadhimisha haihitaji kuelezwa sikukuu yake. Lakini kwa binti yako, ambaye tayari ameanza mwishoni, ningemrudisha nyuma. Amsome Jessi katika kitabu cha 16, anapojifunza lugha ya ishara ili aweze kumwangalia mtoto kiziwi, kisha cha 36, shangazi anapofika na mizigo yake. Akishamjua shangazi vizuri ndipo akirudie cha Kwanzaa. Mimi nilivisoma kwa mpangilio huo, na nilipofika kwenye ajali nilikuwa nikimwogopea Cecelia kabla ya kumwogopea mtu mwingine yeyote.